Mfuko Uliowashinda Panya

Tulimwacha Mkurugenzi na kipande cha mfuko mdomoni, na tangu wiki iliyopita, maskini, bado anatafuna.

Kwa msomaji aliyekuwa hayupo: kampuni yetu hii inatengeneza mifuko ya plastiki ya mimea, plastiki inayotokana na wanga wa muhogo. Uutupe mfuko wake shambani, mvua chache zinautosha, unaoza na kurudi udongoni. Na kwa kuwa ni muhogo, Mkurugenzi amejiwekea desturi moja iliyomjengea jina. Kila akikutana na mteja mkubwa, hukata kipande cha mfuko, akakitia mdomoni, akakila huku anatabasamu. Amekula mifuko mbele ya mawaziri. Amekula mifuko mbele ya wenye benki. Picha yake akila mfuko imetundikwa mapokezi, kubwa kuliko mlango.

Leo mteja alikuwa Mama Supamaketi, mwanamke mwenye maduka makubwa kila mji wenye taa za barabarani. Akikubali kununua, kiwanda kinaishi. Akikataa, kinafungwa.

Na mfuko ulikuwa haukatiki.

Mkurugenzi alitafuna kulia. Akahamia kushoto. Mshipa wa kipaji cha uso ukamsimama. Alipojaribu kuvuta kwa meno ya mbele, kipande kilirefuka, kikarudi kilivyokuwa, hakina hata alama.

Kiti cha pili kutoka kwake alikaa Mkemia. Huyu ni mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, na ndiye aliyeuvumbua mfuko wenyewe, baada ya miaka ya kuunguza sufuria za watu. Mkemia hakutazama. Alisikiliza. Mfuko wake anaujua. Ukitafunwa hulainika kama mkate uliolowa chai na hausemi neno. Huu ulikuwa unapiga kelele. Kwichi, kwichi, kwichi.

Ile ilikuwa plastiki ya kawaida, plastiki ya petroli, ileile inayoziba mitaro.

"Ladha ikoje?" Mama Supamaketi aliuliza.

"Mmmh," alijibu Mkurugenzi.

"Bosi anasema ni murua!" Ofisa Masoko aliruka. Huyu kiwandani wanamwita Kasuku, na si kwa sababu ya rangi ya tai yake. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kasuku analipwa mshahara kwa hilo la pili. "Mama, hapo unashuhudia binadamu na mazingira wakiwa kitu kimoja. Hapo hakuna taka. Hapo ni mzunguko!"

"Naona unazunguka kweli," alisema Mama Supamaketi. "Tangu nilipokaa."

Hakuwa mtu wa kuchezewa. Msimu uliopita alinunua shehena ya kwanza ya mifuko ya muhogo, ile halisi. Panya wa maghala yake walifanya karamu. Walitoboa mifuko, wakaacha mchele uliokuwa ndani, wakala mifuko yenyewe. Alirudisha mabaki kwenye toroli. Ndiyo maana leo ameitwa kuona toleo jipya, lililoandikwa kwa herufi nene ukutani: MFUKO MPYA USIOLIWA NA PANYA.

"Nina swali," alisema. "Panya anaukataa, wewe unaula. Inakuwaje?"

Chumba kizima kikageuka kumtazama Kasuku. Hata Kasuku aligeuka kuangalia kama yuko mwingine nyuma yake.

"Mama," alisema mwishowe, "panya hana elimu ya mazingira."

Pale pale Mkurugenzi aliamua. Alifumba macho, akavuta pumzi.

Akameza.

Kilishuka polepole, kinajadiliana na koo kila hatua. Macho yakamtoka. Machozi yakamfuata.

"Ni furaha," alieleza Kasuku, akimsogezea bosi wake maji, ambayo yalikuwa kwenye chupa ya plastiki.

Watu wakaanza kupumua. Mkemia naye alipumua. Hapo ndipo Mama Supamaketi aliponyoosha kiganja juu ya meza.

"Haya. Na mimi nikatieni."

Jamani! Kasuku alikauka. Mkurugenzi hakuweza kusema, koo lilikuwa bado lina mgeni. Alimtazama mdogo wake, na katika macho yale Mkemia aliona kaka aliyempandisha mabegani wakati wa mvua ili aende shule bila kulowa miguu.

Damu ni nzito kuliko maji. Mkono wa Mkemia uliingia mfukoni mwa koti lake jeupe, kabla akili haijapiga hodi, ukatoka na utepe wa mfuko wake mwenyewe. Wa kweli. Huwa anatembea nao, anauviringisha vidoleni akiwa anafikiri.

"Huu hapa, mama. Umekatwa vizuri zaidi."

Mama Supamaketi aliutia mdomoni. Akatafuna kidogo, kimya kimya. Ukaisha.

"Hauna ladha."

"Ndiyo sifa yake, mama."

"Ni laini." Alimtazama Mkemia kwa muda, kisha akamtazama Mkurugenzi, aliyekuwa bado anapangusa machozi. "Laini sana."

Simu yake ikalia. Akatoka barazani kuipokea.

Mkemia aliona haya hadi masikio yakawaka. Mwezi mzima alikuwa ng'ambo, kaka yake kampeleka semina. Jina la semina, msomaji wangu, lilikuwa Uaminifu katika Biashara ya Kijani. Alirudi jana na cheti, na leo asubuhi tu tayari amesaidia kumdanganya mteja wake wa kwanza.

Alimshika kaka yake mkono, akamvuta hadi kwenye korido, penye mashine ya kunakilia.

"Kaka, umemeza nini?"

"Nimemeza kwa ajili yenu wote."

"Nimekuuliza umemeza nini."

Mkurugenzi alikohoa. Kilichomo kikapanda, kikasalimia, kikashuka tena. "Ni mchanganyiko."

"Mna muhogo humo?"

"Upo."

"Kiasi gani?"

Mkurugenzi akatazama dari. Kisha akautazama mfuko aliokuwa nao mkononi, uliopigwa chapa ya jani kubwa la muhogo, la kijani, lenye tone la umande.

"Kwenye picha," alisema.

Mkemia aliegemea mashine ya kunakilia. Ikaanza kutoa karatasi tupu, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyeizima.

"Umeniweka mwezi mzima nikisikiliza mihadhara ya uaminifu, huku nyuma unaleta chembe za plastiki kwa magunia?"

"Ningezileta ukiwepo, ungeniacha?"

Mkemia aliikanyaga karatasi iliyomdondokea mguuni.

"Sasa nisikilize mimi," alisema kaka mtu, na sauti ikarudi. "Uliniambia mfuko utaoza. Nilifurahi. Hukuniambia utaoza ukiwa mkononi mwa mteja, na samaki wake ndani, katikati ya barabara!"

"Nilikwambia haupendi maji. Nikasema tuongeze utando wa kuzuia maji. Ukasema utando ni gharama."

"Ni gharama! Na panya je? Ungeweka nini, paka kwenye kila katoni? Mimi ndiye ninayekaa na wateja, mdogo wangu. Wewe unakaa na hadubini. Wateja wanataka mfuko unaooza, lakini usioze. Wanataka uwe wa asili, lakini panya asigundue. Uwe mwembamba, lakini ubebe viazi. Na bei iwe ileile ya mfuko ule unaotuua. Nimehangaika mpaka nimewapatia. Ninao mfuko huo!"

"Ni plastiki, kaka."

"Ni plastiki yenye nia njema. Tukipata mkataba, tutarudi kwenye muhogo. Polepole."

"Lini?"

"Soko likikomaa."

Mkemia alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. "Na Shangazi?"

Mkurugenzi akaikunja ile chapa ya jani ndani ya kiganja. Maana hapo, msomaji, ndipo penye kidonda.

Mkemia mwenyewe ndiye aliyekwenda mashambani mwaka juzi, na mabuti ya mpira, akasimama mbele ya wakulima akawaambia: ng'oeni mahindi, pandeni muhogo, kampuni itanunua wote, mimi ndiye ninayesema. Wakulima wakaguna. Msomi akikwambia ung'oe mahindi yako unaguna kwanza. Akainuka Shangazi yao, dada wa baba, mwanamke aliyewalea wote wawili mama yao alipofariki. Hakutoa hotuba. Alishika jembe akaanza na shamba lake. Wengine walimfuata yeye, si kampuni.

Sasa muhogo ule umekomaa. Na muhogo ukishang'olewa hauna subira. Siku mbili, tatu, ndani unaanza mistari ya buluu, halafu unakuwa mweusi, na hapo hata wanga hautoi.

"Nimewaambia wasubiri," alisema Mkurugenzi.

"Umewaambia wewe?"

"Nimemwambia Mlinzi awaambie."

Mkemia alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, viatu vya visigino virefu vikasikika koridoni.

"Mko hapa?" alisema Mama Supamaketi. "Nipelekeni ghalani. Nataka kuwaona hao panya wasiokuwa na elimu."

Ghala lilikuwa refu, la mabati, joto lake la kuoka mtu. Upande wa kushoto zilipangwa katoni za mifuko mipya, safi, pembe zake zimenyooka kama zimepigwa pasi. Upande wa kulia, pembeni, zilibaki katoni chache za mifuko ya zamani. Hizo zilikuwa zimeliwa mpaka aibu. Zimebaki vumbi, na kinyesi cha panya juu ya vumbi.

"Tazama mwenyewe, mama!" Kasuku alitanua mikono. "Huku wamepita, wameharibu. Huku wamepita, wamenusa, wamesalimu amri!"

Kama aliyeitwa, panya mmoja akatokea juu ya katoni mpya. Mchana kweupe. Alikuwa mnene, hana haraka, ana tumbo la mkuu wa idara. Akatembea juu ya mifuko mipya bila kuigeuzia hata sharubu, akashuka, akavuka sakafu mbele ya viatu vya Mama Supamaketi, akaingia kwenye katoni kuukuu kutafuta makombo.

Wote walimtazama hadi mkia ulipopotea.

"Mkemia," alisema Mama Supamaketi taratibu. "Wewe umesoma. Hebu niambie, huyo panya anajua nini nisichokijua mimi?"

Mkurugenzi alikohoa. Kasuku alianza, "Kisayansi, mama, panya..."

"Sikukuuliza wewe."

Mkemia alimtazama kaka yake. Kaka mtu alikuwa anatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtoto anayeomba asisemwe kwa mwalimu. Alimhurumia, na wakati huohuo alitamani kumzaba kofi. Akafikiria mabuti yake ya mpira na ahadi aliyoitoa akiwa ndani yake.

"Hiyo ni plastiki ya kawaida, mama. Haina muhogo hata chembe. Uliyoila wewe ndiyo yangu. Aliyoila yeye ni hii."

Basi. Limetoka. Mkurugenzi alikaa juu ya katoni. Kasuku akaanza kuvua tai.

Mama Supamaketi akacheka.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, hayo nimeyajua tangu anatafuna! Meno haya ni ya bandia, lakini masikio ni yangu."

"Kumbe... kwa hiyo huchukui?" aliuliza Mkurugenzi.

"Nani kasema sichukui?"

Tai ya Kasuku ikarudi shingoni yenyewe.

"Sikilizeni, mjifunze biashara," alisema Mama Supamaketi, akajipepea kwa mfuko mpya. "Mteja wangu hanunui mfuko. Ananunua jani. Akitoka dukani na jani hili mkononi anatembea kifua mbele, jirani anamwona, anajisikia kaiokoa dunia na viazi vyake havijaanguka. Ukimpa wa muhogo halisi, unamchanikia njiani, anarudi kunitukana. Kwa hiyo huu wenu wa uongo nautaka. Na nautaka mwingi."

"Alhamdulillahi," alinong'ona Mkurugenzi.

"Tulia. Sijamaliza." Alimgeukia Mkemia. "Ila ninao wateja wengine. Wale wanaofunguliwa mlango wa gari. Hao wana bustani, na wana muda. Wanaweza kuuzika mfuko wakangoja waone. Wapo pia wakaguzi, na wapo waandishi wa magazeti."

Sisi wa magazeti tunashukuru kwa kukumbukwa.

"Hao nitawapa wako. Wa kweli, na wataulipia vizuri, utando wako utautia. Muhogo nitaununua wote, hata wa jirani za hao jamaa zako niliowasikia mkiwagombania koridoni. Sharti langu ni moja. Mifuko yote miwili iwe na chapa moja, jani moja, cheti kimoja. Wakija kupima, wanapimiwa wa kweli. Na cheti, kwa sheria, hakiwekwi sahihi na mkurugenzi. Kinawekwa na mkemia."

Alisikika panya peke yake, akifanya kazi.

Mkemia alielewa. Miaka yote ile alihofia mfuko wake usije ukakosa mnunuzi. Hakuwahi kuota kwamba utapata mnunuzi, na kazi yake itakuwa kusimama mlangoni na koti jeupe huku uongo unapitishwa kwa magunia nyuma ya mgongo wake. Kila mfuko mmoja wa kweli utaficha maelfu ya bandia. Alikuwa ameahidiwa kila alichokiomba maishani.

"Nikikataa?"

"Ukikataa naondoka, na wewe unabaki na huyo." Mama Supamaketi alionyesha kwa kidole kule kwenye katoni kuukuu. "Yeye ndiye mteja wako mwaminifu."

"Dada," alisema Mkurugenzi. "Dada yangu. Umesikia? Muhogo wote. Si ndicho ulichokuwa unalilia pale koridoni?"

Na lililouma ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Nje honi ikalia. Haikuwa honi ya gari dogo. Ikalia tena, ndefu, kisha getini zikapanda sauti za watu. Mlinzi akaingia mbio, kofia mkononi.

"Bosi, wamekataa kusubiri!"

"Waambie wasubiri!"

"Ndiyo hilo wamelikataa, bosi. Mimi neno langu ni hilo moja, mlinipa hilo tu!"

Mkemia alikuwa ameshatoka.

Lori lilikuwa limeingiza pua getini, limejaa muhogo hadi juu ya kingo, na juu ya muhogo wamekaa wakulima, wana vumbi hadi kwenye kope. Mlango wa mbele ulifunguliwa, akateremka Shangazi, mguu mmoja kwanza, kisha wa pili, mkono umeshika kiuno.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe umerudi?" Uso wake ukachanua. "Niliwaambia hawa. Nikasema, huyu angekuwepo tusingerudishwa getini kama wachuuzi. Huyo Mlinzi wenu ana ugonjwa? Kila tukija anasema subirini, subirini. Tumerudi na mzigo mara ya kwanza ukaoza. Mara ya pili ukaoza. Leo nimewaambia, tunakwenda na hatuondoki."

"Mmeng'oa lini?"

"Jana asubuhi. Lori ni la kukodi, dereva anasema ana safari nyingine mchana. Sasa sema wewe, mwanangu. Tushushe au tusishushe?"

Mkemia aliokota muhogo mmoja uliodondoka, akauvunja juu ya goti. Ulikuwa mweupe, mzuri, umejaa. Lakini pembeni, chini ya ganda, mstari mwembamba wa buluu ulikuwa umeanza. Kesho utakuwa umefika katikati. Nyuma yake alisikia visigino vya Mama Supamaketi vikija, na kaka yake, na Kasuku.

Juu ya lori walikuwa wanamtazama. Aliwakumbuka, mmoja mmoja, walivyokuwa wakiguna siku ile.

"Shusheni," alisema.

Vigelegele! Mlinzi alirudi nyuma. Magunia na vikapu vikaanza kuteremka mkono kwa mkono, muhogo ukamwagwa uani, mbele ya ofisi, juu ya maegesho ya Mkurugenzi, hata bango la MAZINGIRA KWANZA likafunikwa hadi kiunoni. Mkurugenzi alishangilia kuliko wakulima. Alimkumbatia Shangazi, akamwambia hakuwa amemsahau hata siku moja, ni Mlinzi tu. Mlinzi akatazama kofia yake.

"Vizuri," alisema Mama Supamaketi. Alifungua mkoba, akatoa karatasi moja yenye mhuri, na kalamu. "Tumalize na hili, nina safari."

Mkemia akaipokea. Cheti kilikuwa kifupi. Kilisema kwamba mifuko yote yenye chapa ya jani imetengenezwa kwa muhogo na itaoza ardhini. Chini kuna mstari, na chini ya mstari neno Mkemia.

Aliangalia pa kuandikia. Hapakuwa na meza. Hapakuwa na chochote ila muhogo.

"Ndiyo karatasi ya kuununua muhogo wetu hiyo?" Shangazi aliuliza.

"Ndiyo yenyewe, mama!" alisema Kasuku. "Hapo ndipo baraka zilipo!"

"Basi unatafuta meza ya nini?" Shangazi akacheka, akasogea mbele ya mpwa wake, akamgeuzia mgongo, akainama na viganja vyake akaviweka juu ya magoti. "Andikia hapa, mwanangu. Mgongo huu umebeba muhogo miaka yote, utashindwa na karatasi?"

Wakulima wakacheka. Mtu mmoja akapiga makofi.

Mkemia aliweka karatasi juu ya mgongo wa shangazi yake. Gauni lilikuwa limelowa jasho, na chini yake mifupa ilikuwa inapanda na kushuka kwa pumzi za safari. Alishika kalamu. Ncha ikagusa mstari. Mkono ukakataa.

"Andika," alinong'ona Mama Supamaketi.

"Andika, dada," alinong'ona Mkurugenzi.

"Shangazi," alisema Mkemia, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hadi wakulima wa nyuma kabisa wakageuka. "Usiinuke kwanza. Kabla sijaandika nataka nikwambie karatasi hii inasemaje."

Mkurugenzi akamkamata kifundo cha mkono. "Nakuomba. Nakuomba kwa jina la marehemu mama. Wakisikia, muhogo huu wataupeleka wapi?"

Kikapu cha mwisho kilikuwa kimeshateremka. Dereva wa lori alifunga kingo, akapiga honi ya kuaga, akarudi nyuma kutoka getini, akaondoka kwenye safari yake nyingine.

"Haya, mwanangu," alisema Shangazi, bado ameinama, "inasemaje?"